Nani aliyetangulia kufika Amerika?

Kwa miongo mingi, wataalamu wa mambo ya kale walishikilia kwamba binadamu wa kwanza waliingia bara la Amerika yapata miaka 13,000 iliyopita. Msingi wa nadharia hiyo ulikuwa ncha za mikuki ya mawe zilizochimbuliwa karibu na mji wa Clovis, jimboni New Mexico. Wawindaji hao, ilisemekana, walitoka Siberia wakavuka Beringia, nchi kavu ambayo leo imefunikwa na bahari, kisha wakapenya katikati ya nyanda mbili za barafu nchini Kanada.

Mnamo 1977 Tom Dillehay alianza kuchimba Monte Verde, kusini mwa Chile. Makao aliyoyafukua aliyakadiria kuwa ya miaka 14,500. Alipingwa vikali hadi 1997, jopo la wataalamu, wakiwemo wapinzani wake, lilipozuru na kuridhia. Lakini ikiwa njia ya barafu ilikuwa ingali imezibwa, watu hao walipitia wapi? Hapo ndipo nadharia ya pwani ilipopata nguvu: walifuata ufuo wa Pasifiki, pengine kwa mitumbwi. Ubaya ni kwamba ufuo wa enzi hizo umezama, na ushahidi pamoja nao.

Mwaka 2021 zikatangazwa nyayo za White Sands, New Mexico iyo hiyo, nyingi zikiwa za watoto na vijana: miaka 21,000 hadi 23,000. Wakosoaji walizitilia shaka mbegu za mmea wa majini zilizopimwa. Mwaka 2023, chavua na mchanga vilitoa umri ule ule.