Mfalme Aliyekataa Kuketi na Kuhesabu



Wapendwa waamini, katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anatupatia mfano mfupi ambao mara nyingi tunaupita haraka. Mfalme anataka kwenda vitani. Kabla ya kuondoka, anaketi kwanza na kujiuliza kama kwa watu wake elfu kumi ataweza kumkabili yule anayemjia na watu elfu ishirini. Akiona hawezi, anatuma wajumbe kuomba amani wakati mwenzake bado yuko mbali. Tunafahamu kwamba Bwana alikuwa akizungumzia gharama ya kuwa mfuasi wake. Hata hivyo, mfano wenyewe una hekima yake, na katika tafakari yetu ya juma hili tunapenda kuutazama kwa jicho la historia. Tutauweka mbele ya vita vilivyopiganwa jirani kabisa na sisi, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na kujiuliza: nchi iliyopeleka vijana wake kupigana mbali iulize lini swali la kuwarudisha nyumbani? Na nani ana haki ya kuliuliza?

Vita tunavyovizungumzia ni vile vya Ureno katika makoloni yake ya Afrika. Vilianza Angola mwaka 1961, vikafika Guinea-Bissau mwaka 1963, na tarehe 25 Septemba 1964 vikaanza Msumbiji, katika kituo cha Chai, jimboni Cabo Delgado. Chama cha Frelimo kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea. Wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu, wakapokelewa Rutamba na Muhukuru. Sisi tuliozaliwa baada ya miaka hiyo tumeyasikia haya kwa wazee wetu wa kusini, ambao kwao hii si habari ya vitabuni.

Mtawala wa Ureno, António Salazar, alikuwa na njia yake ya kulizima swali la kuondoka. Hakuyaita makoloni kuwa makoloni. Yaliitwa majimbo ya ng'ambo, sehemu ya taifa moja. Kwa hiyo aliyependekeza majeshi yarudi nyumbani alijibiwa kwamba tayari yako nyumbani. Aliyesisitiza alihesabiwa kuwa msaliti, na polisi wa siri walikuwa na kazi ya kumshughulikia. Salazar alipougua mwaka 1968, nafasi yake ilichukuliwa na Marcelo Caetano. Wengi walitumaini mabadiliko, lakini vita viliendelea.

Tuketi basi, tuhesabu kile ambacho mfalme huyu hakutaka kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ureno, nchi yenye watu wasiofikia milioni 9, ilikuwa na askari takriban 150,000 katika medani tatu, wakiwamo Waafrika wengi walioandikishwa hukohuko. Zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya serikali ilikwenda kwenye ulinzi. Kijana wa Kireno alitumwa Afrika kwa miaka miwili au zaidi, na makumi ya maelfu ya wenzake waliikimbia nchi, wengi wakienda Ufaransa, ili wasivae sare. Zaidi ya askari 8,000 wa upande wa Ureno walipoteza maisha. Waafrika waliokufa, wapiganaji na wanavijiji, walikuwa wengi zaidi, na hakuna aliyewahesabu kwa uangalifu kama huo.

Wala hatuwezi kusema kwamba majeshi hayo hayakushinda mapigano. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliongoza operesheni kubwa katika uwanda wa Mueda, kwa maelfu ya askari, ndege na mizinga. Kambi za wapiganaji zilitekwa. Lakini wapiganaji wenyewe walihamia mkoa wa Tete, na vita vikaendelea huko. Kila ushindi ulizaa sababu ya kubaki mwaka mmoja zaidi.

Ndugu zangu, haki inatudai tuwasikilize pia wale waliotetea kubaki. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi zote. Walisema: kuna mamia ya maelfu ya walowezi, wengi wao maskini, ambao hawajui nyumbani kwingine, tutawaacha kwa nani? Walisema: tukiondoka, wenyeji watapigana wao kwa wao. Na walisema: vijana wetu wamekwisha kufa, tukirudi sasa, damu yao itakuwa imemwagika bure. Hoja hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu imebeba machozi ya mama. Nani anaweza kumwambia mama aliyezika mwanawe kwamba mwanawe alitumwa kimakosa? Lakini tukiipima vizuri, hoja hiyo haina mwisho. Kaburi la kwanza linatumika kudai la pili, na la pili kudai la tatu. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa masharti ya vita halali: pawepo sababu ya haki, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawepo tumaini la kweli la kufanikiwa, na madhara yasizidi ovu linalokusudiwa kuondolewa. Masharti hayo hayapimwi mara moja tu, siku ya kutangaza vita. Hupimwa kila siku vita vinapoendelea.

Je, Mama Kanisa alikuwa wapi? Hapa tunapaswa kusema ukweli kwa unyenyekevu. Kwa mikataba ya tarehe 7 Mei 1940 kati ya Kiti Kitakatifu na Ureno, misheni zilipata ruzuku ya serikali na kukabidhiwa elimu ya Waafrika, maaskofu wa makoloni walilipwa na serikali, na serikali hiyo iliweza kutoa pingamizi kabla ya askofu kuteuliwa. Anayelishwa na mwenye nyumba hupata shida kumkemea. Maaskofu wengi walinyamaza, na wengine walivisifu vita kuwa ulinzi wa ustaarabu wa Kikristo.

Lakini Roho Mtakatifu hakukosa mashahidi. Askofu Sebastião Soares de Resende wa Beira alitetea haki za Waafrika hadi alipofariki mwaka 1967. Tarehe 1 Julai 1970, Baba Mtakatifu Paulo VI aliwapokea mjini Vatikano viongozi watatu wa harakati za ukombozi: Amílcar Cabral, Agostinho Neto na Marcelino dos Santos. Serikali ya Ureno ilikasirika kiasi cha kumwita nyumbani balozi wake.

Mwezi Mei 1971 likatokea jambo ambalo linatufikirisha zaidi. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, ambao babu zetu wengi walibatizwa kwa mikono yao, walitangaza kwamba wanaondoka Msumbiji wote, wapatao 40. Walisema hawawezi kuendelea kukaa mahali ambapo ukimya wa Kanisa unawafanya waonekane washirika wa dhuluma. Serikali iliwafukuza mara moja. Hivyo swali la kuondoka au kubaki likawafikia hata watu wasio na silaha, na halikuwa jepesi. Kuondoka kwao kulikuwa ushuhuda ambao dunia iliusikia. Lakini pia kuliwaacha waamini wao bila padre wa kuwazikia wafu wao. Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula alichagua njia nyingine: alibaki na kusema. Hatuthubutu kuhukumu ni nani kati yao aliyechagua vema zaidi. Tunachokiona ni kwamba wote waliketi, wakahesabu gharama, wakalipa.

Tarehe 16 Desemba 1972, askari wa Ureno waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani, mkoani Tete, wakaua watu takriban 400, wanawake na watoto wakiwamo. Mapadre wamisionari wa Kihispania waliofanya kazi eneo hilo walikusanya ushuhuda na majina ya waliouawa. Habari hizo zilichukua miezi saba kuifikia dunia, pale Padre Adrian Hastings alipozitoa katika gazeti la The Times la London, tarehe 10 Julai 1973, siku chache kabla ya Caetano kuizuru Uingereza.

Wiki mbili baada ya mauaji hayo, wakati dunia bado haijayasikia, kikundi cha Wakatoliki mjini Lisbon kilikusanyika katika kikanisa cha Rato, tarehe 30 Desemba, kufunga na kukesha kabla ya Siku ya Kuombea Amani Duniani. Walitaka jambo moja: vita vizungumzwe hadharani. Siku iliyofuata polisi waliingia kanisani wakawakamata makumi ya watu. Waliokuwa watumishi wa serikali walifukuzwa kazi. Tujiulize: serikali yenye maelfu ya askari iliogopa nini kwa watu waliopiga magoti? Iliogopa swali.

Swali hilo halikuweza tena kuzuiwa. Tarehe 1 Januari 1974 Askofu Vieira Pinto alihubiri Nampula akiwaalika waamini kuvitafakari upya vita. Mwezi Februari yeye na wamisionari wa Comboni walitoa waraka wa dhamiri, na mwezi Aprili walifukuzwa nchini. Februari hiyohiyo, Jenerali António de Spínola, aliyekuwa ameongoza majeshi Guinea-Bissau, alichapisha kitabu akisema kwamba vita hivyo haviwezi kumalizwa kwa silaha pekee. Yaani, yale ambayo waamini walikamatwa kwa kuyasema kanisani, sasa yalisemwa na jenerali. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, wimbo uliopigwa katika redio ya Kikatoliki ya Renascença uliwapa maofisa vijana ishara ya kuanza. Kabla ya siku hiyo kwisha, serikali ilikuwa imeanguka, na waliouangusha utawala huo walikuwa askari waliochoka kutumwa vitani.

Je, hofu za waliotetea kubaki zilitimia? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na si vema kulificha hilo. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, na Angola tarehe 11 Novemba 1975. Watu wapatao nusu milioni walirudi Ureno, wengi wakiwa na masanduku tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisumbua Msumbiji hadi mwaka 1992 na Angola hadi mwaka 2002. Rhodesia na Afrika Kusini zilivichochea, mataifa makubwa yalileta silaha, na watawala wapya nao walifanya makosa yao. Lakini tunaamini kwamba miaka 13 ya kukataa swali ilichangia pia. Muda uliofaa kuandaa walimu, mahakimu na mazungumzo ulitumika kutafuta ushindi. Mfalme alituma wajumbe mwenzake akiwa tayari mlangoni. Katika hali hiyo mtu hapangi namna ya kuondoka. Anaokota alichoweza, anakimbia.

Na tazameni neema ya Mungu. Amani ya Msumbiji ilipopatikana, ilitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya mazungumzo katika jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na mmoja wa wasuluhishi alikuwa Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, jimbo lilelile la Soares de Resende. Kanisa liliweza kuwakutanisha mahasimu kwa sababu wachache walikuwa wamekataa kunyamaza wakati wa giza. Naye waziri mkuu wa Ureno, António Costa, akiwa Maputo mwezi Septemba 2022, aliomba msamaha kwa mauaji ya Wiriyamu. Ilikuwa imepita karibu miaka 50.

Wapendwa, haya si ya kale tu. Katika Cabo Delgado hiyohiyo, mapigano mapya yalizuka mwaka 2017. Majeshi ya SADC, vijana wa Tanzania wakiwamo, yaliingia mwaka 2021, na ujumbe huo ulifungwa Julai 2024. Kulinda mwanakijiji asichinjwe si sawa na kulinda koloni, na hatuchanganyi mambo hayo mawili. Lakini hata jeshi lililokwenda kwa nia njema linadaiwa swali lilelile: limekuja kufanya nini, litajuaje kwamba limemaliza, na nani atabaki na watu litakapoondoka? Familia yenye kijana mlinda amani ina haki ya kuuliza hivyo bila kuitwa isiyo na uzalendo. Kuuliza mapema ni namna ya kumpenda askari.

Juma hili, katika jumuiya zetu ndogondogo, tuwaombee walioko vitani na mama zao. Tuwaombee marehemu wa Wiriyamu, na askari wa Kireno waliozikwa katika ardhi ambayo hawakuichagua. Na tuwaombee viongozi wetu neema ya yule mfalme wa mfano: kuketi kwanza, na kutuma wajumbe wakati njia bado ni ndefu.

Amani ya Bwana iwe nanyi daima.