Jinsi Wadachi Walivyoupata Mlima

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyaacha,

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia, nami nimechagua Kilimanjaro. Darasani tulikariri kwamba mkoloni aligawa ili atawale, tukapata maksi zetu, tukaridhika. Nilipozisoma habari hizi Chuo Kikuu ndipo nilipoona kuwa usemi ule unampa Mdachi sifa isiyo yake. Mgawanyiko aliukuta. Kazi yake ilikuwa kuulisha.

Tumtazame Rindi, Mangi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka 1885 alikubali mkataba wa Karl Jühlke na bendera ya Kidachi. Wengi husema aliuza nchi. Mimi sikubali. Rindi alikuwa na adui mkubwa, Sina wa Kibosho, naye alitafuta mshirika mwenye bunduki, kama mtawala yeyote mwenye akili angalifanya. Mwaka 1889 akapeleka wajumbe hadi Berlin kwa Kaisari na zawadi ya pembe ya ndovu. Kwa hesabu yake walikuwa wakuu wawili wanaopeana heshima. Wadachi walikuwa na hesabu nyingine.

Fadhila ikalipwa Februari 1891. Wissmann aliivamia Kibosho, watu wa Rindi wakiwa pamoja naye, na Sina akavunjwa nguvu. Moshi walishangilia, lakini sasa mlima ulikuwa na mwenye nguvu mmoja tu, wala hakuwa Mchaga. Rindi alikufa mwaka huohuo, na mwanawe Meli akarithi urafiki ambao Wadachi hawakuuhitaji tena sana, kwani Carl Peters alikwisha kuweka kituo Marangu, kwa Mangi Marealle.

Meli alipigana. Juni 1892 askari wake walilishinda jeshi la von Bülow, na Bülow mwenyewe akafa. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa, na Meli akashindwa.

Hapa ndipo penye somo, na vitabu vya shule hupapita haraka. Baada ya vita hivyo Kapteni Johannes aliukalia mlima kwa miaka mingi akiwa na askari wachache. Aliwezaje? Aligawa vyeo. Marealle, aliyekuwa mangi wa nchi ndogo, alijua kuvaa, kukaribisha na kuzungumza na wageni, akapewa ukubwa juu ya upande wa mashariki hadi Rombo. Wenzake waliona wapi milango inafunguka. Sisi tunaofanya kazi maofisini twalijua jambo hili: mkubwa asiyejua lugha ya watu hutawaliwa na yule anayemletea habari. Na kila aliyepeleka habari za jirani yake bomani alizidi kulifanya boma kuwa mahakama ya mlima wote. Hakuna aliyelazimishwa kwenda kushtaki.

Ndipo zikafika tuhuma kwamba wamangi kadhaa wanapanga maasi pamoja na watu wa Meru na Arusha. Masimulizi mengi yanamtaja Marealle kuwa chanzo. Mimi ni mwenyeji wa mlimani, na sitasema natoka kwa mangi gani, maana jambo hili bado lina watu wake. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa, miongoni mwao Meli, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Tazama majina hayo: mtoto wa Rindi na mangi wa Kibosho, nyumba mbili zilizoviziana miaka mingi, walikufa siku moja kwa amri ya bwana mmoja.

Johannes alipokwisha kuondoka, waliomfuata hawakuwa na deni kwa marafiki zake. Sasa mashtaka yalimgeukia Marealle. Mwaka 1904 akakimbilia upande wa Waingereza, katika nchi ambayo leo ni Kenya.