"Endelea" peke yake haitoshi: Vitenzi vya Kiingereza vya kusonga mbele

MWALIMU humwambia mwanafunzi aliyekatiza usomaji wake, "Go on." Mwenyekiti wa mkutano humaliza ajenda moja kisha akatangaza, "Let us move on." Naye msimamizi akiwapata vibarua wakipiga gumzo huwafokea, "Get on with it!"

Ukimtaka mfasiri wa papo kwa papo azigeuze kauli hizo tatu kwa Kiswahili, yamkini atatumia neno moja tu: endelea. Kwa kufanya hivyo atakuwa amepoteza sehemu kubwa ya ujumbe. Makala haya yanalenga kubainisha tofauti zilizopo baina ya vitenzi hivi vya maneno mawili, ambavyo huwatatiza wanafunzi, wafasiri na hata wanahabari.

Ugumu huu si wa leo. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka wa 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba tabia ya vitenzi vya lugha hiyo kuandamana na vijineno vidogo huwatesa mno wageni. Kijineno kimoja kikibadilika, maana nzima hugeuka.

Aidha, Kiingereza kina akiba mbili za maneno. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka wa 1066, lugha yao ya Kifaransa ilifungua mlango kwa maneno mengi yenye asili ya Kilatini. Ndipo leo tuna "proceed" na "continue", ambayo huvaa suti mahakamani na bungeni, ilhali "go on" na "carry on" hutembea na kandambili nyumbani na sokoni. Anayeandika barua rasmi na anayezungumza na rafiki hawachoti katika akiba moja.

Tuanze na "go on", ambacho hutumika kwa njia mbili zinazokaribiana kwa sura na kuachana kwa maana. Mfano wa marehemu Profesa Wangari Maathai utatufaa. Mama huyo alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Tukisema "She went on planting trees", tunamaanisha kwamba hakuacha kupanda miti. Kazi ni ile ile. Tukisema "She went on to win the Nobel Prize", tunamaanisha kwamba baada ya kazi hiyo alifikia hatua nyingine. Mwanafunzi anayeandika "She went on winning the Nobel Prize" atakuwa amempa tuzo hiyo mara nyingi, mwaka baada ya mwaka!

Kiswahili hutofautisha mambo haya waziwazi. Kauli ya kwanza ni "aliendelea kupanda miti". Ya pili ni "hatimaye akatuzwa", au "baadaye akaja kutuzwa". Neno "endelea" halina nafasi katika tafsiri hiyo ya pili.

"Move on" nacho hufunga mlango. Anayekitamka huashiria kwamba jambo lililotangulia limekwisha na halitarudiwa. Kikifuatwa na "to", neno hilo huhitaji nomino au kitenzi chenye tamati ya "-ing". Kwa hivyo tunasema "We moved on to discussing fees", lakini "We went on to discuss fees". Kauli hizi mbili zinakaribiana kimaana, ila kanuni zake za sarufi ni tofauti, na hapo ndipo watahiniwa wengi hujikwaa. Tafsiri nzuri ya "Let us move on to the next item" ni "Tuingie katika ajenda inayofuata" au "Tugeukie suala linalofuata".

"Carry on" humaanisha kushikilia shughuli ile ile licha ya usumbufu. Mwaka wa 1939, vita vilipokuwa vikinukia, serikali ya Uingereza ilichapisha mabango yaliyowataka raia watulie na waendelee na shughuli zao: "Keep Calm and Carry On". Mengi ya mabango hayo hayakuwahi kubandikwa hadharani. Yalikuja kupata umaarufu baada ya nakala moja kugunduliwa katika duka la vitabu mjini Alnwick mwaka wa 2000. Laiti serikali hiyo ingeandika "move on", huenda raia wangedhani wanaagizwa wahame.

"Get on with" hubeba lawama kidogo, kana kwamba msikilizaji amezembea. "Get on with your work" ni sawa na kusema "Hebu fanya kazi yako". Hata hivyo, "She gets on with her neighbours" ni sifa: anapatana na majirani zake. "Press on" na "push on" hudokeza pingamizi njiani. Kiswahili husema "kaza mwendo" au "jikaze". "Go ahead" hutoa idhini kwa mtu anayesubiri kuruhusiwa.

Wa kuogopwa zaidi ni "pass on". Mwenyekiti anaweza kusema "Let us pass on to the next item" bila kosa lolote. Lakini katibu akiandika kwamba "The chairman has passed on", wanachama wataanza kuchangisha pesa za mazishi, maana kauli hiyo ni tasfida ya kufariki.

Tofauti hizi zina uzito hata nje ya darasa. Katika riwaya yake "Bleak House", iliyotolewa kwa sehemu kati ya mwaka wa 1852 na 1853, Charles Dickens anamsawiri Jo, mvulana fukara anayefagia barabara za London. Kila anaposimama, polisi humwamuru asonge, na agizo hilo ni "move on". Jo hana pa kwenda. Msomaji hutambua kwamba kitenzi hicho, kikitoka kinywani mwa mwenye mamlaka, huweza kuwa fimbo.

Wakenya walikionja kitenzi hicho mwaka wa 2013. Baada ya Mahakama ya Juu kuidhinisha ushindi wa Uhuru Kenyatta mnamo Machi 30 mwaka huo, kauli "accept and move on" ilienea vijiweni, redioni na mitandaoni. Kwa waliofurahia uamuzi huo, ulikuwa wito wa kulinda amani na kurejea kazini. Kwa waliokuwa na kinyongo, ilisikika kama amri ya kunyamaza. Lau waliosema hivyo wangechagua "carry on", wangekuwa wanahimiza watu waendelee na shughuli zao tu. "Move on" iliwataka pia wayazike yaliyopita, na uamuzi wa kuzika ni wa mfiwa.

Kiswahili kina kauli yake ya kukabili hali kama hiyo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tazama jinsi methali hiyo ilivyoundwa. Kiambishi "tu" humjumuisha msemaji miongoni mwa wanaohusika. Hasimami kando akiamuru. Isitoshe, kitenzi "ganga" ni cha tabibu, kinachotukumbusha kwamba mbele yetu kuna kazi ya kuponya.

Kwa hivyo, mfasiri anapokutana na vitenzi hivi, ajiulize maswali matatu kabla ya kukimbilia "endelea". Je, kazi ni ile ile au ni nyingine? Je, jambo la awali limekwisha, au limekatizwa tu? Na je, nani anamwambia nani asonge? Akiyajibu hayo, atapata neno mwafaka, liwe ni tuingie, tugeukie, akaja, kaza, haya au tugange.