DATSUN 240Z: Gari la Safari Rally na watu waliokataa life

Leo siasa na Bongo Flava naziweka kando kidogo. Nataka tuongelee gari moja na watu wanaolipenda, halafu mwisho nina ombi kwenu. Mliolipia nusu saa tu msiwe na wasiwasi, mtamaliza kabla muda haujakatika.

Kwanza niwaambie kwa nini naandika. Baba yangu mdogo ni fundi magari. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na bodi la gari la zamani, boneti ndefu kama mdomo wa samaki, milango miwili, sakafu imeliwa na kutu hadi unaona majani chini. Tulipokuwa wadogo tulikaa humo tukijifanya madereva. Nilipokuwa kidato cha nne, hela ya ada ilikuwa imepungua. Baba mdogo akaita watu wa chuma chakavu, wakalipima kwa kilo. Mimi mwenyewe nilisaidia kulisukuma kwenye kenta. Ada ikalipwa, nikafanya mtihani.

Miaka miwili baadaye niko kafe natafuta picha za magari ya mbio, nikakutana na sura ile ile. Nikaganda kwenye kiti. Ilikuwa Datsun 240Z.

GARI LENYEWE

240Z ilitoka mwishoni mwa 1969. Japani iliitwa Fairlady Z. Ina injini ya silinda sita za mstari mmoja, ukubwa wa cc 2393, kabureta mbili, na nguvu za farasi kama 150 hivi. Marekani iliuzwa kwa dola 3,526, wakati magari ya mbio ya Ulaya yenye nguvu kama hiyo yalikuwa ghali zaidi. Watu wakaligombania. Ukijumlisha na ndugu zake 260Z na 280Z, hadi 1978 yalitengenezwa zaidi ya nusu milioni.

Mzee anayetajwa sana katika habari hii ni Yutaka Katayama, maarufu kama Mr. K, aliyekuwa mkuu wa Nissan kule Marekani. Alisukuma sana hilo gari litengenezwe. Jina la Fairlady hakulitaka kabisa kwa soko la Marekani, aliona haliendani na gari la mbio. Magari ya kwanza yalipofika, ikabandikwa nembo ya 240Z badala yake.

HAPA KWETU

Sasa hapa ndipo vijana wengi hatujui. Hili gari lilipata jina lake kubwa kwenye vumbi na matope yetu. East African Safari ya miaka hiyo ilivuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania, na magari mengi yalikuwa yanafia njiani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda na 240Z. Nafasi ya pili pia ikawa 240Z, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Mehta mwenyewe akiwa na Lofty Drews. Alimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström, naye akiendesha Datsun, na ushindi akapewa Mehta. Baadaye alishinda Safari mara nne zaidi, mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Gari lililoshinda 1971 bado lipo. Nissan walilihifadhi Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni wenye klabu yao ya kufufua magari ya zamani walilifungua na kulitengeneza mpaka likatembea tena. Jamaa wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea, baada ya saa za kazi.

KLABU ZAO ZINAFANYA NINI?

Mimi nilidhani klabu ya magari ni matajiri kukutana na kutambiana. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini nilivyosoma zaidi nikaona ni kitu kingine. Marekani kuna klabu nyingi za Z za mikoani, na juu yake kuna chama kinachoziunganisha. Kila mwaka wanafanya mkutano mkubwa, mji tofauti kila mara. Kazi zao ni hizi:

1. Spea. Gari likiacha kutengenezwa, kiwanda nacho kinaacha spea taratibu. Wanachama wanatafutiana, wanauziana, na wakiwa wengi inalipa mtu kutengeneza kifaa upya.

2. Ujuzi. Adui mkubwa wa 240Z ni kutu: sakafu, chini ya betri na kwenye fremu za chini. Aliyeziba kutu mwaka jana anamwelekeza anayeanza leo.

3. Kumbukumbu. Wanaandika chesisi namba na historia ya kila gari, ili asije mtu akauziwa gari la kuunganisha vipande.

4. Mashindano ya usafi na uhalisi. Majaji wanakagua rangi, ndani, injini, hadi chini ya gari.

Na wana sauti. Mwaka 1996 Nissan waliacha kuuza Z Marekani. Klabu hazikufa. Mzee Katayama, ambaye alishastaafu, aliendelea kukutana na mashabiki wake. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 Nissan wenyewe walinunua 240Z za zamani, wakazifanya upya na kuziuza. Mwaka 2002 ikaja 350Z. Katayama alifariki 2015 akiwa na miaka 105.

Bei je? Januari 2020, 240Z moja iliyotunzwa vizuri iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Bodi letu lilikuwa limeoza, lisingefika hata robo ya robo. Lakini kwa kilo, jamani?

OMBI LANGU

Nilimwonyesha baba mdogo picha. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, ningejua nisingeliuza. Lakini ada ungeipata wapi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Simlaumu hata kidogo. Ninachowaza ni kwamba angekuwepo mtu mmoja tu mtaani anayejua gari lile ni nini, labda ada ingelipwa na gari lingebaki.

Kwa hiyo wadau, mkiona kwenye gereji au uani kwa mzee fulani bodi lenye boneti ndefu na milango miwili, fungueni boneti. Angalieni ukuta unaotenganisha injini na abiria, chesisi namba imegongwa hapo. Ikianza na HS30, hiyo ni ya usukani wa kulia. Msikimbilie kununua wala kumdanganya mzee wa watu. Mwambieni ana nini. Halafu andikeni hapo chini kwenye maoni: mkoa gani na hali yake ikoje. Namba nzima na mahali lilipo msiweke hadharani, wezi wa spea nao wanasoma.

Tukifika kumi, tayari tuna klabu. Naomba kuwakilisha.