Kazi na Dawa

Tunasema "kazi na dawa". Wiki hii nataka tuitazame hiyo dawa, yaani mchezo, na jinsi ilivyopatikana.

Mwaka 1850 Uingereza ilipitisha sheria ya viwanda. Wanawake na vijana katika viwanda vya nguo wasifanye kazi Jumamosi baada ya saa 8 mchana. Bila wao mitambo haikwenda, hivyo na wanaume wakatoka. Taratibu kazi nyingine zikafuata, na wafanyakazi wakapata alasiri moja ya kwao wenyewe.

Wakaijaza mpira. Mwaka 1878 mafundi wa reli wa Newton Heath walianzisha timu ambayo leo ni Manchester United. Mwaka 1886 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich waliunda Arsenal. Mwaka 1895 wajenzi wa meli wa Thames Ironworks walianzisha timu iliyozaa West Ham.

Angalieni mpangilio huo: saa zilitangulia, mpira ukafuata.

Nayasema haya kwa sababu waajiri wetu wakiona watu wamechoka, huitisha bonanza. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo bonanza lilikuwa Jumapili, baada ya siku 6 za kazi hadi usiku, na mahudhurio yaliandikwa. Tulicheza kama wanaotumikia adhabu. Jumatatu tulirudi hoi.

Mchezo kazini ni jambo jema. Lakini mwajiri anayeutaka uwe dawa, kwanza atoe saa. Mchezo wa lazima ni kazi nyingine tu, tena isiyo na posho.