Kikohozi cha machimboni

Naona mabwenini stori ni moja tu: nani kapangiwa TP Kahama, nani Geita, na dhahabu ya huko. Mimi leo naleta kikohozi. Msikimbie, ni historia kabisa.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na nyuma yake alikuwepo daktari Mcheki, Karel Styblo. Hadubini wilayani, daftari la wagonjwa, mtu anameza dawa huku mhudumu anamwangalia. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaubeba mtindo huo kwenda dunia nzima. Yaani kitu cha Bongo kikawa somo kwa wengine, ila mashuleni hatukifundishi.

Ila mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini wakagundulika Kagera, jirani kabisa na Geita. Kule waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Sasa tazama hesabu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi iliandikisha wagonjwa kama 12,000 wa kifua kikuu kwa mwaka, miaka ya mwanzo ya 2000 walipita 60,000. Mpango ulikuwa haujaharibika. Vijidudu vya TB vinaweza kulala mwilini miaka na miaka, kinga ikishuka vinaamka. Asiye na VVU ana hatari kama asilimia 10 ya kuugua TB maisha yake yote. Mwenye VVU asiyetibiwa anaifikia hiyo karibu kila mwaka.

Kilichoniuma kuliko vyote ni habari ya thiasetazoni. Ilikuwa dawa ya TB ya bei poa, ikitumika sana Afrika Mashariki. Kwa mwenye VVU iliweza kubabua ngozi nzima ikatoka, na wengine walikufa. Mhudumu anakupa kidonge cha kukuponya, hajui damu yako ina nini, maana hakuna aliyepima. Na makohozi nayo yalidanganya: mwenye VVU mara nyingi ana vijidudu vichache, hadubini haivioni, anaambiwa mzima.

Pamoja na yote hayo, TB iliendelea kuwa na mlango wake na ukimwi wake, hadi mwaka 2004 Shirika la Afya lilipotoa mwongozo wa kuviunganisha. Mwaka huo huo ARV zikaanza kutolewa bure na serikali yetu. Kabla ya hapo kupima VVU kulionekana kama kusomewa hukumu, naelewa. Bado nasema walichelewa. Siku hizi mgonjwa wa TB anapimwa VVU, na mwenye VVU kila akienda kliniki anaulizwa: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Na tangu mwishoni mwa 2010 kuna mashine ya GeneXpert, majibu kama saa mbili.

Sasa turudi machimboni, ambako kuna kitu cha tatu: vumbi. Mawe yakisagwa kwenye karasha hutoa silika, inakwangua mapafu na kuifungulia TB njia hata kwa asiye na VVU. Halafu mchimbaji hatulii. Dawa ni miezi sita, lakini pakisikika kwingine pametema, anabeba koleo usiku huo huo, na kadi ya kliniki inabaki kwenye turubai.

Miaka ya 1990 karibu nusu ya wagonjwa wa TB nchini walikuwa na VVU, ndiyo maana mtaani kikohozi kikawa jina lingine la ngoma na watu wakaanza kujificha. Leo ni chini ya robo. Ukifika huko ukaona baba wa mwanafunzi wako anakohoa wiki ya pili, majirani watakwambia wanajua anachoumwa. Hawajui. Mwambie aende akapimwe vyote viwili, na awaambie kama anafanya kazi kwenye vumbi.