Lesotho: Kutoka viti 79 kati ya 80 hadi serikali za mseto, jinsi mfumo wa kura ulivyobadilishwa

Mei 1998, wananchi wa Lesotho walichagua wabunge 80. Chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura, lakini kikazoa viti 79. BNP, kilichopata karibu robo ya kura zote, kiliambulia kiti kimoja tu.

Iliwezekanaje?

Kila jimbo lilikuwa na mshindi mmoja: anayeongoza anachukua kiti, hata akimzidi mwenzake kwa kura moja. Chama kinachoshika nafasi ya pili kila mahali kinatoka mikono mitupu. Ni utaratibu uleule unaotumika kwenye majimbo ya Tanzania na Kenya. Na haikuwa mara ya kwanza Lesotho: mwaka 1993, chama cha BCP kilibeba viti vyote 65.

Nchi yawaka moto

Wapinzani walidai wameibiwa, wakapiga kambi nje ya kasri la mfalme mjini Maseru. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikuta kasoro nyingi, lakini haikuweza kusema moja kwa moja kwamba kura ziliibwa. Septemba 1998, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia kwa jina la SADC. Makumi ya watu walikufa na maduka mengi ya Maseru yakachomwa.

Baada ya hapo vyama 12, kila kimoja na wajumbe wawili, vilikaa meza moja kutafuta mfumo mpya.

Hesabu mpya ziko hivi

Bunge likawa na viti 120: 80 vya majimbo na 40 vya fidia. Kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya mbunge na nyingine ya chama.

Chukua mfano. Chama kikipata robo ya kura za vyama, kinastahili viti 30. Kama kimeshinda majimbo matano, kinaongezewa 25. Kama majimbo kilichoshinda tayari yamefikia au kuzidi stahili yake, hakiongezewi kitu.

Mwaka 2002 LCD ilishinda tena, lakini safari hii BNP, bila jimbo hata moja, ilipata viti 21. Matokeo hayakuzua vurugu kama za 1998.

Ujanja wa 2007

Wanasiasa hawakuchelewa kuona mwanya. LCD iliungana na chama kidogo cha NIP: wafuasi wampe mbunge wa LCD kura ya jimbo, kisha kura ya chama waipe NIP. Kwenye hesabu za fidia, vyama hivyo vilionekana ni viwili tofauti. LCD ikapata majimbo 61, NIP viti 21 vya fidia. Wapinzani wa ABC nao walifanya hivyohivyo na chama cha LWP.

Mzozo ukarudi. Rais mstaafu wa Botswana, Ketumile Masire, aliitwa kusuluhisha. Mwishowe sheria ya 2011 ilifuta karatasi ya pili. Sasa kura moja inafanya kazi mbili: inamchagua mbunge wa jimbo, na inahesabiwa kwa chama chake. Huwezi tena kuzigawa.

Nini kimebadilika?

Uchaguzi wa 2012 haukutoa chama chenye wingi wa viti. Waziri Mkuu Pakalitha Mosisili aliondoka madarakani kwa amani, na Thomas Thabane wa ABC akaunda serikali ya mseto.

Lakini mseto una gharama yake. Washirika waligombana, na wananchi wakarudi kwenye masanduku mapema, mwaka 2015 na tena 2017. Hata 2022, chama kipya cha RFP cha Sam Matekane kilipata viti 56 na kulazimika kutafuta wenza.

Lesotho ilitibu tatizo la kura zinazopotea. La vyama kushindwa kukaa pamoja, hesabu peke yake haiwezi kulimaliza.